Huruma ya Mungu na Nguvu ya Sala: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waamini wa Unguja na Pemba

Maswali haya nimeulizwa kwa miaka mingi katika kazi ya ukatekista: mengine baada ya sala za jumuiya, mengine ndani ya boti ya Mkoani, na mengine na watu waliokuja nyumbani usiku kwa sababu hawakutaka kuonekana wakiuliza. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu kwa mdomo, kwa imani ya Kanisa Katoliki, na pale penye maoni yangu binafsi nimesema kuwa ni yangu. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu maswali yenyewe ni mazito kwa wanaouliza.

Huruma ya Mungu ni nini hasa?

Katika Agano la Kale la Kiebrania yapo maneno mawili ambayo Biblia zetu huyafasiri kwa fadhili, huruma au rehema. Moja ni hesed, yaani uaminifu wa mtu asiyevunja ahadi hata pale mwenzake anapoivunja. La pili ni rahamim, lililotoka katika neno rehem, tumbo la uzazi. Ni ule uchungu anaousikia mama ndani yake anapomwona mtoto wake akiteseka. Sisi wa visiwani tunalo neno hilihili mdomoni bila kulifikiria, kwa kuwa rehema imetufikia kwa Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni lugha ndugu zenye mzizi mmoja wa r-h-m. Mama wa Makunduchi anayembembeleza mwanawe kwa kumwita Rehema anatamka, kwa mkato, jambo ambalo manabii walilisema kwa kurasa nyingi.

Kwa hiyo huruma ya Mungu si kusikitika kwa mbali, kama tunavyosikitika tukisikia habari mbaya redioni kisha tukaendelea na chai yetu. Katika Luka 15, mwana mpotevu alipokuwa angali mbali, baba yake alimwona, akamwonea huruma, akaenda mbio, akamwangukia shingoni. Hebu lifikirie neno hilo la kwenda mbio. Mzee mwenye heshima zake, mwenye kanzu na bakora, hakimbii barabarani pale Darajani mbele ya watu, na akikimbia watu watauliza kuna msiba gani. Baba yule alikimbia, na alikimbia kabla mwana hajamaliza kusema maneno ya toba aliyokuwa ameyapanga njiani.

Ibada ya Huruma ya Mungu ilianza lini, na ilianzishwa na nani?

Huruma yenyewe ni ya tangu milele, lakini namna ya ibada tuliyonayo leo ilitokana na sista mmoja wa Poland, Faustina Kowalska, aliyezaliwa mwaka 1905 katika familia ya wakulima maskini. Alisoma shule kwa miaka mitatu tu. Katika Shirika la Masista wa Bikira Maria Mama wa Huruma alikuwa mpishi, mtunza bustani na mlinda mlango. Tarehe 22 Februari 1931, katika mji wa Płock, aliona Yesu akiwa amevaa vazi jeupe, na miali miwili ikitoka kifuani mwake, akaagizwa kuchora picha ya kile alichokiona. Hakujua kuchora. Picha ya kwanza ilichorwa mwaka 1934 mjini Vilnius na mchoraji Eugeniusz Kazimirowski, kwa juhudi za padre muungamishi wake, Michał Sopoćko, ambaye pia ndiye aliyemwamuru aandike shajara. Sala tunayoiita Rozari ya Huruma aliipokea Septemba 1935. Alifariki Kraków tarehe 5 Oktoba 1938 kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 33.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba mwaka 1959 Roma ilikataza kueneza ibada hii kwa namna aliyoieleza Sista Faustina, na katazo hilo lilidumu hadi Aprili 1978. Askofu Mkuu wa Kraków aliyekuwa ameshughulikia uchunguzi wa maisha yake alichaguliwa kuwa Papa miezi sita baadaye, akaitwa Yohane Paulo II. Ndiye aliyemtangaza Faustina kuwa mtakatifu tarehe 30 Aprili 2000 na kuiweka Dominika ya pili ya Pasaka, yaani Jumapili inayofuata ile ya Pasaka yenyewe, kuwa Dominika ya Huruma ya Mungu kwa Kanisa lote. Ninalisema hili kwa makusudi. Kanisa lilichunguza na kusubiri, na kwa miaka 19 lilinyamazisha, na ibada haikufa. Mtu anayekuletea ufunuo mpya leo asubuhi na kutaka uuamini kabla ya adhuhuri hana subira aliyokuwa nayo Faustina.

Ikumbukwe vilevile kwamba maono ya aina hii hayaongezi kitu katika Injili. Mkatoliki halazimiki kuyaamini kama anavyolazimika kuamini Nasadiki, yaani Kanuni ya Imani, bali anaalikwa kuyapokea kama msaada wa kuiishi Injili.

Miali miwili katika picha ina maana gani?

Mwali mweupe ni maji na mwekundu ni damu, vilivyotoka ubavuni mwa Yesu alipochomwa mkuki msalabani (Yohane 19:34). Maji yanatukumbusha Ubatizo na Kitubio, yaani maungamo; damu, Ekaristi. Chini yake huandikwa: Yesu, nakutumainia. Picha haiabudiwi, wala haina nguvu ya kufukuza wezi, na anayeitundika mlangoni kwa nia hiyo ameigeuza hirizi.

Rozari ya Huruma inasaliwaje?

Husaliwa kwa rozari ya kawaida ya makumi matano. Unaanza na ishara ya msalaba, kisha Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki. Kwenye kila punje kubwa unasema: «Baba wa milele, ninakutolea Mwili na Damu, Roho na Umungu wa Mwanao mpenzi, Bwana wetu Yesu Kristo, kwa kulipia dhambi zetu na za dunia nzima.» Kwenye kila punje ndogo, mara kumi: «Kwa ajili ya mateso makali ya Yesu, utuhurumie sisi na dunia nzima.» Mwishoni, mara tatu: «Mungu Mtakatifu, Mtakatifu Mwenyezi, Mtakatifu unayeishi milele, utuhurumie sisi na dunia nzima.» Vitabu vya sala hutofautiana neno hapa na pale, msigombane kwa ajili hiyo. Asiye na rozari ana vidole kumi.

Dakika saba au nane zinatosha. Wanaoimaliza kwa dakika tatu ningewaomba wapunguze mwendo, kwa sababu maneno yanayorudiwa yanahitaji pumzi katikati, kama makasia, ambayo usipoyapa nafasi chombo hakiendi kokote.

Kwa nini saa tisa? Nami saa hiyo niko kazini.

Saa tisa alasiri ndiyo saa aliyokufa Bwana wetu. Katika jambo hili msomaji wa Kiswahili ana bahati kubwa, kwa kuwa Wayahudi wa wakati wa Yesu walihesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza, kama tunavyohesabu sisi. Mathayo 27 inaposema kwamba tangu saa sita palikuwa na giza hata saa tisa, watu wa lugha nyingine inawabidi wapige hesabu ili waelewe, lakini mvuvi wa Nungwi anaelewa papo hapo, maana ni saa tisa yake yeye mwenyewe, saa ya jua kali na mchanga unaounguza nyayo.

Wala si lazima uache kazi. Katika mafundisho aliyoyaandika Faustina, asiyeweza kwenda kanisani wala kusali Njia ya Msalaba aweza kuzama katika sala pale alipo, hata kwa kitambo kifupi tu. Namjua mama auzaye samaki ambaye saa hiyo hufunika beseni lake, hushika ukingo wake kwa mikono miwili, hunyamaza kiasi cha kuvuta pumzi tano au sita, kisha hulifunua na kuendelea kupunguza bei. Hakuna mteja aliyewahi kugundua. Muda si mrefu baada ya hapo utasikia adhana ya alasiri, na mji mzima unakuwa unamkumbuka Mungu.

Dominika ya Huruma ya Mungu ni lini, na tunaipokeaje?

Ni Dominika inayofuata Pasaka, na kwetu huangukia karibu kila mara ndani ya masika, ndiyo maana wengi huwa na kumbukumbu ya kuiadhimisha wakiwa wamelowa. Novena yake, yaani sala ya siku tisa, huanza Ijumaa Kuu. Injili inayosomwa ni ya Yohane 20: milango imefungwa kwa hofu, Yesu anaingia, anaonyesha majeraha yake, anawapulizia mitume Roho Mtakatifu na kuwapa mamlaka ya kuondolea dhambi, na siku nane baadaye anarudi kwa ajili ya Tomaso peke yake, kana kwamba wengine wote hawakutosha.

Tangu mwaka 2002 Kanisa linatoa rehema kamili, yaani ondoleo la adhabu yote ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, siku hiyo kwa anayeungama, anayepokea Komunyo, anayesali kwa nia za Baba Mtakatifu na kushiriki ibada ya siku hiyo, moyo wake ukiwa umejitenga na kila dhambi. Hati iliyoweka utaratibu huo iliwataja kwa namna ya pekee wale ambao hawawezi kufika kanisani, wakiwamo wagonjwa na mabaharia walioko kazini baharini. Sisi tulio na ndugu kwenye meli na majahazi tusilisahau hilo. Wapelekewe ujumbe mapema kwamba hata wao hawakuachwa nje.

Je, sala humbadilisha Mungu?

Hapana. Mungu hana haja ya kushawishiwa awe mwema, wala haombwi kama mkubwa wa ofisi anayefuatwa mara saba ndipo atie sahihi. Yesu mwenyewe anasema kwamba Baba anajua tunayohitaji kabla hatujamwomba. Kama ni hivyo, tunasali kwa nini? Tunasali kwa sababu mkono uliokunjwa ngumi haupokei kitu, hata kama anayetoa amesimama mbele yako tangu alfajiri, na sala ni kuukunjua mkono huo, kidole baada ya kidole, kazi ambayo kwa wengine huchukua miaka.

Mfano ninaoupenda ni wa Mtakatifu Monika. Mwanawe Augustino alikuwa ameiacha imani ya mama yake na alikuwa akiishi anavyotaka. Mwaka 383 aliamua kusafiri kutoka Carthage kwenda Roma. Mama alilia pwani, akamsihi asiondoke, au kama anaondoka amchukue. Augustino akamdanganya kuwa anamsindikiza rafiki tu, na usiku ule, Monika akiwa anasali katika kanisa dogo karibu na bandari, chombo kikatweka. Asubuhi mama alikuta gati tupu. Mtu yeyote aliyewahi kusimama Malindi na kuona boti iliyombeba mwanawe ikiwa nukta tu, analijua tumbo la mama yule lilivyokuwa asubuhi hiyo.

Alichokiomba Monika usiku ule kilikataliwa waziwazi. Lakini ilikuwa ni safari hiyohiyo iliyomfikisha Augustino Milano, kwa Askofu Ambrosio, na Pasaka ya mwaka 387 akabatizwa. Augustino alipokuja kuyaandika haya miaka mingi baadaye, alisema kwamba Mungu hakumpa mama yake alichokiomba usiku ule ili ampe kile alichokuwa akikiomba siku zote. Nami naongeza kwamba katika miaka ile yote sala ilikuwa ikimbadilisha Monika pia, kwa kuwa mwanamke aliyelia gatini akitaka kumzuia mwanawe ndiye aliyesema, muda mfupi kabla ya kufa, kwamba hajali tena mwili wake utazikwa wapi.

Mbona wengine huomba kwa machozi na balaa huwakuta vilevile?

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Miezi kumi baadaye, Julai 2012, ikazama Skagit karibu na Chumbe. Sidhani kama yupo aliyekuwemo mle ambaye hakuomba. Ninawakataza wote ninaowafundisha kusema kwamba waliookoka walisali vizuri zaidi, au kwamba waliokufa walikuwa na dhambi zao, kwa sababu Yesu alilikataza jambo hilo kwa kinywa chake mwenyewe. Katika Luka 13 anawakumbusha watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu, na akajibu: La.

Sala haikutolewa ili iwe kinga ya meli iliyozidishiwa abiria. Wajibu wa kutozidisha abiria tumepewa sisi. Yesu alisali Gethsemane kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka, Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba mwilini, akajibiwa: «Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu.» Anayeomboleza asihubiriwe mstari huu siku ya tatu ya msiba. Siku hizo kaa naye ukumbini, ukae chini kama yeye alivyokaa chini, na rozari yako isaliwe kimya. Mistari itakuja wakati wake.

Nimekaa miaka mingi bila kuungama. Je, bado naweza?

Unaweza leo. Ukifika, mwambie padre neno moja tu: Padre, nimesahau namna. Yeye ndiye atakayekuongoza. Huhitaji kukumbuka kila kitu kwa tarehe. Sema dhambi kubwa unazozikumbuka, kwa idadi au kadiri yake, bila hadithi ndefu na bila kutaja majina ya watu wengine. Padre amefungwa na siri ya maungamo hata kama kuitunza kutamgharimu maisha yake.

Wengi huniambia wanaona haya kwa sababu padre anawajua. Visiwa vyetu ni vidogo na Wakristo ni wachache, hivyo hofu hiyo naielewa. Basi nenda parokia nyingine, au subiri padre mgeni wakati wa Kwaresima, hakuna anayekuzuia. Lakini usisubiri mpaka uwe mwema kwanza. Mtoza ushuru wa Luka 18 hakwenda hekaluni akiwa amekwisha kutengenekewa. Alisimama mbali, akajipigapiga kifua, akasema, «Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi», naye ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki.

Ninasali kila siku lakini kuna mtu siwezi kumsamehe. Je, sala yangu ni bure?

Si bure, ila iko njiani, na hapa itanibidi niseme habari zangu.

Baba yetu alituachia nyumba na mikarafuu michache huko Pemba. Mavuno ya mwaka mmoja mdogo wangu aliyauza yote na hakunipa fungu langu, wala hakuniarifu. Nilisikia kwa watu. Kwa miaka sita hatukuzungumza. Na katika miaka hiyo sita nilikuwa naongoza Rozari ya Huruma kila Ijumaa mbele ya jumuiya, kwa sauti nzuri, na watu walinisifu.

Siku moja nikiwa katikati ya kumi la tatu, neno «sisi» lilinikwama. Utuhurumie sisi. Nilikuwa nimelisema maelfu ya mara, na siku ile nikajiuliza sisi ni kina nani. Kama mdogo wangu yumo, basi kila punje nilikuwa namwombea huruma mtu ambaye mimi mwenyewe nimemnyima. Na kama hayumo, sala imevunjika, kwa kuwa baada ya «sisi» inakuja «dunia nzima», na Pemba imo duniani. Mama mmoja aliendeleza kumi lile kwa niaba yangu. Walidhani ninaumwa.

Nikaenda Pemba kwa mdogo wangu. Nilimkuta uani, amekaa juu ya jamvi anachambua karafuu. Hakusimama. Alisema, «Karibu, kaka,» kama mtu aliyeniona jana, akasogea kidogo kunipa nafasi. Nikakaa, nikavuta fungu langu la karafuu mbichi nikaanza kutenga makonyo. Vidole vyangu vilikuwa vimesahau kazi hiyo na kucha zikaniuma. Mkewe alileta chai. Tulichambua mpaka jua likazama, tukizungumza habari za watoto na za mvua, na zilipobaki konzi mbili tatu juu ya jamvi ndipo aliposema, bila kuniangalia, kwamba mwaka ule mwanawe alikuwa amelazwa. Fedha zile hajanirudishia, na sikumdai tena.

Mathayo 18 inasema mtumishi mmoja alisamehewa talanta elfu kumi, kisha akamkaba koo mwenzake aliyemwia dinari mia. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ni ujira wa kibarua wa kutwa. Kwa hesabu hiyo alisamehewa deni la siku milioni 60 za kazi, naye akashindwa kusamehe la siku 100. Siku 100 si jambo dogo, na Yesu hakusema ni dogo. Msimu mzima wa karafuu ni fedha ya kweli. Lakini ukiwa umesimama ndani ya milioni 60, unaona.

Ukishindwa kumsamehe mtu leo, mtaje kwa jina katika punje moja tu. Moja. Kesho utaje tena.

Je, kusamehe ni kusema kwamba ubaya haukuwa ubaya?

Hapana. Nendeni Mkunazini mkaone. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka uleule ndugu zetu Waanglikana wakaweka hapo jiwe la msingi la kanisa lao kuu, na inasimuliwa kwamba altare yake imesimama palipokuwa na mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa. Wangeweza kuyafukia yote na kupanda maua. Badala yake waliweka altare palepale penye jeraha, na mgeni akiingia huelezwa wazi yaliyotendeka hapo. Huruma ya Kikristo huanza na ukweli.

Mtakatifu Josephine Bakhita aliibiwa akiwa mtoto huko Darfur, akauzwa mara kadhaa, na makovu ya mateso alikuwa nayo mwilini mpaka alipofariki mwaka 1947. Alisema kwamba lau angekutana na waliomteka angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa sababu kupitia njia ile alimfahamu Kristo. Hakusema kwamba walifanya vyema. Alipofikishwa Italia na wenyewe wakataka kuondoka naye, alikataa kutoka, na mwaka 1889 mahakama ikatamka kwamba ni huru. Kwa hiyo mke anayepigwa na mumewe asiambiwe avumilie kwa ajili ya huruma ya Mungu. Aondoke mahali pa hatari, aende kwa sheha, aende polisi, na kusamehe kutafuata akiwa salama.

Nimetumiwa sala kwenye simu, naambiwa niisambaze kwa watu kumi ama nitapata mkosi. Nifanye nini?

Ifute. Mungu wa rehema hatishii watu kwa mkosi.

Nikiwa na imani, je, niache dawa za hospitali?

Usiache hata kidonge kimoja bila ruhusa ya daktari. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinaagiza mgonjwa asali na pia ampe daktari nafasi yake, kwa kuwa ni Bwana aliyemuumba. Wapo waliotupa dawa za kisukari au za virusi baada ya kuombewa, nasi tukawazika. Anayekuambia dawa ni upungufu wa imani hakuhurumii.

Tunaishi nyumba moja na Waislamu. Tusalije bila kuwaudhi?

Salini kama mlivyo, kwa sauti ya ndani, na milango ifungwe kwa staha na si kwa hofu. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliingia Unguja mwaka 1863, na kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo mjini kila mtu analiita Minara Miwili, limesimama Mji Mkongwe tangu miaka ya 1890, misikiti ikiwa imelizunguka. Muda wote huo majirani wamezikana na kuozana, na wamepelekeana sahani za Idi na za Krismasi. Zipo nyakati ambazo ujirani huo umejeruhiwa, na makanisa yamewahi kuchomwa. Hilo nalo ni kweli, na tuliwaombea waliofanya hivyo kwa rozari ileile.

Mwezi wa Ramadhani usile barazani mbele ya waliofunga. Jirani akikuuliza unasali nini, mwambie ukweli kwa ufupi, kwamba unamwomba Mungu akurehemu. Neno hilo analijua, kwa kuwa kila anapoanza jambo lake humtaja Mungu kuwa Mwingi wa rehema na Mwenye kurehemu. Hatusemi kwamba imani zetu ni moja; sivyo, na kujidai kuwa ni hivyo si heshima kwa yeyote. Ila kuna mambo ya kuzungumza kwa upole kabla ya kufika penye tofauti.

Mgonjwa wetu amezidiwa na hawezi tena kusema. Tumsalie vipi?

Kwanza mpigieni simu padre, na msingoje mpaka dakika za mwisho kwa kuogopa kumtisha mgonjwa. Mpako wa Wagonjwa si tangazo la kifo, na akiwa bado anaweza kumeza, Komunyo ya mwisho ndiyo masurufu yake ya safari. Padre akichelewa, kama inavyotokea mtu akiwa shamba na barabara ina matope, anzeni Rozari ya Huruma kando ya kitanda, maana Faustina aliipokea pamoja na ahadi za pekee kwa wanaokufa. Salini polepole, kwa sauti ndogo, karibu na sikio, kwa kuwa aghalabu mgonjwa husikia hata akiwa hajibu. Mtu mmoja amshike mkono. Simu zizimwe, na mazungumzo ya mazishi yafanyiwe nje.

Nilikuwa kando ya mzee mmoja kule Wete, mpanda mikarafuu, ambaye kwa siku mbili hakuwa amefumbua macho. Jirani yake, bibi wa Kiislamu, alikuwa ameleta uji na akabaki amekaa mlangoni na ushungi wake, hakuingia wala hakuondoka. Tulipofika kumi la nne nikaona kidole gumba cha mzee kinasogea juu ya shuka, kidogo, kinasimama, kinasogea tena. Mkewe alikitazama kwa muda, kisha akaichukua rozari yake mwenyewe, akaizungusha kwenye vidole vya mzee, akamwekea gumba lake juu ya punje ya kumi la nne tulipokuwa tumefika, nasi tukaendelea.